Kipimo Kwanza, Mashine Baadaye

Kila matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, vyuo vya ufundi stadi hupata wageni. Mzazi anakuja na kijana wake, wanapokewa, wanatembezwa karakana, na swali la kwanza linalomtoka mzazi ni lile lile: mna mashine gani? Akionyeshwa mashine mpya ya kukereza vyuma, inang'aa na bado inanukia rangi, anaridhika na kuchukua fomu. Swali lake si baya, ila limewahi mno. Hoja yangu ni moja: kijana anayeanza ufundi wa viwandani, uwe ufundi mitambo, ukerezaji, uchomeleaji au kusimamia mitambo ya kusindika vyakula, mwaka wake wa kwanza ni wa kujifunza kupima. Kuendesha mashine kunajengwa juu ya hapo. Chuo kichaguliwe kwa kuangalia hilo, muda wa masomo utumiwe kwa hilo, na hata nafasi ya mafunzo kazini itafutwe kwa jicho hilo hilo.

Tujue kwanza ngazi tunayoizungumzia. Tanzania Bara, ufundi stadi unaendeshwa chini ya sheria ya mwaka 1994 iliyounda mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, VETA, na mwanafunzi hupanda ngazi tatu za tuzo ya taifa ya ufundi stadi, NVA, kuanzia ya I hadi ya III. Waajiri wa siku nyingi bado hutaja gredi, wakikumbuka majaribio ya zamani ya ufundi, na hapo wazazi wengi hupotea: gredi ya III ya zamani ilikuwa ya chini kabisa, ilhali ngazi ya III ya sasa ndiyo ya juu. Kenya bado ina majaribio ya gredi chini ya mamlaka yake ya mafunzo ya viwandani, NITA, nayo huanzia III na kupanda kwenda I. Zanzibar ina Mamlaka yake ya Mafunzo ya Amali. Tangu mwaka 2021 vyuo vya ufundi stadi vya Bara vinasajiliwa na baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, NACTVET, kwa hiyo kabla hujalipa hata senti tano, ulizia namba ya usajili. Na sasa sera ya elimu, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali ndani ya sekondari zenyewe, maana yake uamuzi huu utawafikia wazazi wa watoto wadogo zaidi kuliko zamani. Mitaala ya ngazi hizi zote imejengwa juu ya umahiri: mwanafunzi aonyeshe kwamba anaweza kutenda, asiishie kueleza. Kwenye karatasi, kupima kumo. Lakini ni somo rahisi kulipita mbio, kwa sababu halina kelele wala cheche, na mgeni rasmi akija kutembelea chuo hapigwi picha akitazama mtu anayesoma mistari ya maikromita.

Ili uone kwa nini nasisitiza, chukua kazi moja ambayo fundi wa matengenezo hukutana nayo popote: mashine ya kukoboa mpunga imekula beringi, na shafti yake nayo imelika. Beringi imeandikwa 6205. Tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata kipenyo cha tundu lake: milimita 25. Kanuni hiyo inafanya kazi kuanzia 04 kwenda juu, na inamwokoa fundi asihangaike kupima beringi iliyokwisha kupasuka. Sasa shafti mpya inachongwa. Iwe na unene gani? Asiyefundishwa atajibu 25. Lakini kwa beringi ya namna hii, mchoro mara nyingi huandika k6, na k6 kwa ukubwa huo inamaanisha shafti iwe kati ya milimita 25.002 na 25.015. Nafasi yote ya kukosea ni milimita 0.013. Unywele wa binadamu una unene unaokaribia 0.07, kwa hiyo ungeugawa mara tano na bado kila kipande kingezidi kidogo nafasi hiyo. Shafti ikizidi, pete ya ndani ya beringi inatanuliwa kwa nguvu, gololi zinabanwa, joto linapanda, beringi inakufa kabla ya wakati. Ikipungua, pete inazunguka juu ya shafti na kuisaga taratibu, mpaka mashine ianze kutikisika.

Vernia ya kawaida, ambayo ndiyo chombo pekee cha kupimia katika karakana nyingi, husoma kwa hatua ya milimita 0.02 au 0.05. Haiwezi kuamua kazi hii, hata ishikwe na fundi bora kuliko wote. Inatakiwa maikromita. Skrubu yake husogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na pipa lake limegawanywa mistari 50, ndiyo maana kila mstari ni milimita 0.01, na bado fundi inampasa akadirie kati ya mstari na mstari. Anayeikaza kama anafunga nati ya gurudumu la lori atapata namba ya uongo. Kile kidude cha nyuma kinacholia tik tik na kuteleza kimewekwa ili mkono wa kila mtu ubane kwa nguvu ile ile. Kisha kuna mtego wa joto. Chuma cha pua hutanuka kama milimita 0.0115 kwa kila mita, kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Shafti yetu ikitoka kukerezwa ikiwa na nyuzijoto 40 zaidi ya hewa ya karakana, imekwisha kutanuka kwa takriban milimita 0.012. Fundi akiipima hapo hapo na kutangaza kazi imekwisha, ikipoa itakuwa imepungua karibu kiasi chote alichoruhusiwa kukosea. Ndiyo sababu vipimo vya viwandani duniani kote huhesabiwa kwa nyuzijoto 20, na ndiyo sababu fundi aliyefundishwa huiacha kazi ipoe huku msimamizi akimpigia kelele aharakishe.

Asiyejua haya ana dawa yake, na wengi wameiona. Shafti ikilegea, anaipiga panchi mpaka ijae vituta vidogo vidogo, beringi inaingia kwa kubana, mteja anashukuru na kulipa. Vituta hivyo ndivyo pekee vinavyoigusa pete. Vinasagika, beringi inalegea tena, na mwenye mashine anaanza kulalamika kwamba beringi za siku hizi ni feki. Feki zipo, hakuna anayebisha, lakini halisi nayo isingedumu juu ya vituta. Tofauti kati ya fundi huyu na yule anayeiacha kazi ipoe haikuletwa na mashine. Wote wawili wangeweza kutumia mashine ile ile ya kukereza, iliyochakaa vile vile. Mmoja anajua namba anayoitafuta na anajua kama ameifikia.

Historia ya viwanda inaelekeza huko huko. Henry Maudslay, aliyekuwa na karakana mashuhuri London mwanzoni mwa karne ya 19, anakumbukwa kwa mashine zake, lakini watu waliopita mikononi mwake walitoka na kitu kingine: mazoea ya kusawazisha bapa la chuma mpaka liwe sawa kweli, na kuhakiki kazi kwa chombo cha kupimia badala ya macho. Mmoja wao, Joseph Whitworth, mwaka 1841 alipendekeza viwanda vya Uingereza vikubaliane juu ya aina moja ya nyuzi za bolti na nati, zenye pembe ya digrii 55. Kabla ya hapo kila karakana ilikata nyuzi zake ilivyopenda, na bolti ikipotea ilibidi mtu arudi kwa yule yule aliyeitengeneza. Baadaye, Carl Edvard Johansson, fundi wa kiwanda cha bunduki huko Eskilstuna, Uswidi, alibuni mwaka 1896 seti ya vipande 102 vya chuma vilivyosawazishwa kiasi kwamba ukivipanga unapata karibu kipimo chochote unachotaka, na viwanda vilivyo mbali vikaweza kukubaliana milimita moja ni ipi. Mwaka 1923 alikwenda kufanya kazi na Ford, Marekani. Kampuni ya magari ilihitaji mtu wa kupima, kwa sababu gari linalounganishwa kwenye mstari halina nafasi ya fundi wa kusugua kipande kimoja kimoja mpaka kikubali kuingia.

Hapo ndipo uzalishaji wa viwandani unapoachana na ukarabati. Fundi wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, hutengeneza kipande kikae na mwenzake aliye mbele yake. Anajaribu, anatoa, anapiga tupa kidogo, anajaribu tena, mpaka vinakubaliana. Ni ustadi wa kweli, na nchi hizi zingekwama bila huo. Lakini kipande cha kiwandani hakijui kitakutana na nani. Kimetengenezwa Jumatatu na shifti ya usiku, kitafungwa Alhamisi na mtu mwingine, pengine katika mji mwingine, na inabidi kiingie bila kubembelezwa. Hilo haliwezekani kwa macho wala kwa uzoefu wa miaka 30. Linawezekana pale tu watu wawili wasioonana wanaposoma mchoro mmoja na kupata namba moja. Anayetaka kufanya kazi kiwandani anajifunza kuwa mmoja wa watu hao wawili.

Usidhani hili ni la vyuma tu. Kiwanda kinachofungasha unga wa kilo moja kikimwaga gramu 20 za ziada kwa kila mfuko, mifuko 10,000 itakuwa imeondoka na kilo 200 za unga ambazo hakuna aliyezilipia. Kikipunguza gramu 20, kinajitafutia kesi na Wakala wa Vipimo. Mwendesha mashine anayejua kuchukua mifuko michache kila baada ya muda, kuipima, kuandika, na kuona kwamba uzito umeanza kupanda kabla haujavuka mpaka, huyo ana thamani kuliko anayejua kubonyeza kitufe cha kuanzisha. Kwenye viwanda vya nguo vya maeneo ya EPZ, yanayozalisha bidhaa za kuuza nje, mshono unaozidi milimita chache kila upande hubadilisha saizi ya suruali, na shehena nzima inaweza kukataliwa na mnunuzi wa ng'ambo. Mchomeleaji anayepuuza pengo kati ya bamba mbili atachomelea vizuri kwa macho, na fremu ikipoa itakuwa imepinda.

Nikisema hivi, najua jibu linalokuja: dunia imehamia kwenye mashine za CNC, zinazoongozwa na kompyuta, kijana akae kwenye jiliwa na tupa wiki nzima akisugua kipande cha chuma ili iweje? Swali lina uzito. Hakuna kiwanda kitakachomlipa mtu asawazishe bapa kwa tupa mwaka huu. Lakini tazama kwa karibu mashine ya CNC inavyofanya kazi. Programu inaiambia isogee kwenye kipimo fulani, nayo inasogea. Haijui kwamba ncha ya kisu imelika. Kipande cha kwanza kimetoka na milimita 25.01, cha hamsini 25.03, cha mia moja 25.05. Mwendeshaji anatakiwa apime, agundue kwamba namba zinapanda, na aingize marekebisho yanayolingana na kuzidi huko kwenye ukurasa wa visu. Akikosea alama ya kujumlisha na kutoa, kipande kinachofuata kinakuwa kibaya maradufu. Mashine ya mkono humpa mzembe muda wa kuharibu kipande kimoja. Ya CNC itamharibia mia mbili kabla ya chai ya saa nne. Kwa hiyo kompyuta imepunguza kazi ya mikono na kuongeza uzito wa kipimo. Tupa yenyewe ina faida ambayo haionekani haraka: mtu aliyesugua kipande mpaka skwea ikalala juu yake bila mwanga kupenya pembeni, vidole vyake vimejua sehemu ya kumi ya milimita ni kiasi gani, na mtu huyo hababaishwi na skrini. Wajerumani, ambao hakuna atakayesema wamechelewa kupata CNC, bado huwaanzisha wanagenzi wao wa ufundi mitambo kwenye jiliwa, katika mafunzo ya miaka mitatu na nusu yanayogawanywa kati ya kiwanda na shule.

Jibu la pili ni gumu zaidi kulikabili, kwa sababu linatoka tumboni. Viwanda vingi huchukua vijana bila cheti chochote, wanafundishwa kazi kwa siku chache, wanaanza kulipwa. Kwa nini kukaa chuoni mwaka mzima? Nisimdanganye mtu: kama nyumbani hakuna unga, chukua kibarua. Ila ujue ulichokichukua. Umefundishwa kituo kimoja cha mashine moja. Kiwanda kikibadilisha chupa, kifuniko au bidhaa, elimu yako inaisha siku hiyo, na mwajiri anaweza kumwita mwingine getini. Mashine zikisimama, kibarua hurudishwa nyumbani, na fundi wa matengenezo huitwa kazini. Aliyeingia kwa njia ya kibarua hajafungiwa mlango: zipo kozi fupi za jioni, na VETA ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo mtu hupimwa kwa kazi aliyoijua tayari, hujazwa pale palipopungua, kisha hupewa cheti. Njia hiyo hiyo ndiyo ninayompendekezea kijana aliyeanza kwa fundi wa mtaani na hana ada. Akae kwa fundi, ajifunze mikono, lakini anunue vernia yake na kupima kila kitu anachokigusa, hata ambacho fundi amesema kimetosha. Baadhi ya mafundi watamcheka. Avumilie, na asibishane na mzee wa kazi mbele ya mteja.

Kuhusu wanaosema ufundi ni wa waliofeli, sina mengi. Ngazi za NVA zina mlango wa kuendelea kwenye vyuo vya ufundi, kwa masharti ya kila chuo, na fundi mchundo anaweza kuwa fundi sanifu na hata mhandisi akiwa na subira. Ambacho hakiwezekani ni kukwepa hesabu. Kijana aliyechukia hesabu akaambiwa aende ufundi kwa sababu huko ni mikono tu, amedanganywa. Hesabu ya ngazi ya kwanza si nyingi: desimali, sehemu, asilimia, pembe, mzingo wa duara na kanuni ya Pythagoras. Lakini desimali inabidi iwe imekaa kichwani kiasi kwamba mtu anaona mara moja kwamba 25.02 na 25.002 ni vitu viwili mbalimbali. Ile miezi ya kukaa nyumbani kusubiri nafasi ya chuo ingetumika hapo, kwa daftari la shilingi chache, kuliko kwa kozi ya wiki mbili inayoahidi kila kitu.

Sasa turudi kwenye lango la chuo. Mzazi akifika, aombe kuonyeshwa karakana wakati wanafunzi wakiwa ndani, asikubali kuonyeshwa ikiwa tupu. Ahesabu jiliwa, kisha ahesabu vichwa. Wanafunzi 30 wenye jiliwa 6 wanajifunza kutazama migongo ya wenzao. Kisha aombe kitu kimoja ambacho hakihitaji utaalamu wowote kukiomba: aletewe kipande kilichotengenezwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pamoja na mchoro wake, na mwanafunzi huyo akipime mbele yake. Mzazi ambaye hajawahi kushika maikromita ataona yote anayotaka kuyaona. Ataona kama chombo kinatolewa mfukoni mwa koti la mwalimu au kwenye kabati ambalo ufunguo wake umekwenda Dodoma na mtunza stoo. Ataona kama kijana anakifuta kipande kabla ya kupima, kama anaanza kwa kuhakikisha chombo kinasoma sifuri, na kama anapima sehemu moja na kuridhika au anazungusha na kupima tena. Kama namba haifanani na mchoro na mwalimu akasema bila haya kwamba kazi hii ilikataliwa, hicho ni chuo kizuri. Wasiwasi uwe kwa chuo ambacho kila kazi ya mwanafunzi imefaulu.

Mashine mpya si dhambi, na chuo chenye vyote viwili kikipatikana, msomaji asisite. Lakini kati ya chuo chenye mashine moja ya kisasa inayoguswa na mwalimu tu, na chuo chenye mashine za zamani ambazo kila mwanafunzi anazishika kila wiki na maikromita zinazohakikiwa, ningempeleka kijana kwenye cha pili. Mashine iliyochakaa hata ina somo lake. Ina ulegevu kwenye skrubu zake, na mwanafunzi akitaka kufika kwenye kipimo lazima ajue ulegevu huo ni kiasi gani na aukaribie kutoka upande mmoja siku zote. Aliyejifunza hivyo akipewa mashine nzuri, ataizoea upesi. Kwenda kinyume chake ni kugumu zaidi.

Mwanafunzi mwenyewe akishaingia, ajifunze mchoro mapema. Kuna mifumo miwili ya kupanga sura za kitu kwenye karatasi, na mchoro huwa na alama ndogo pembeni inayosema ni upi. Asiyeiangalia hutengeneza kipande kilichogeuzwa kama kwenye kioo, kikiwa na vipimo vyote sahihi na hakifai kwa lolote. Anunue vernia yake, hata ya bei ya chini, na kabla ya kulipa afunge meno yake na kuyaelekeza kwenye mwanga: mwanga ukipenya, airudishe. Asiitumie kuchorea mistari juu ya chuma, kosa ambalo hata wakubwa hulifanya na ambalo hula ncha zake. Na ajifunze usalama kama sehemu ya kazi yenyewe. Glavu, ambazo wengi huziona alama ya usalama, hazivaliwi kwenye mashine inayozunguka ya kukereza au kutobolea, kwa sababu uzi mmoja ukinaswa mkono mzima unafuata. Ufunguo wa kubania kazi hauachwi kwenye mashine hata kwa sekunde moja. Kwa binti anayevaa hijabu, na mabinti katika karakana hizi wanaongezeka, ncha za mtandio ziingizwe ndani ya ovaroli. Chuo kinachomwambia achague kati ya mtandio na mashine kimeshindwa kufikiri. Na asikubali kufanywa karani wa darasa. Ni jambo la kawaida msichana kukabidhiwa kalamu aandike namba zinazosomwa na wavulana, na mwisho wa mwaka yeye ndiye asiyejua kuzisoma.

Imebaki fildi, yaani mafunzo kazini, na hapa ndipo mafunzo mengi huharibika. Mwanafunzi anapelekwa kiwandani, anapewa fagio, na baada ya wiki nane daftari lake la kazi linasema kila siku "nilisaidia usafi na matengenezo". Viwanda navyo vina hoja: mwanafunzi anachelewesha uzalishaji na anaweza kuumia. Lakini kiwanda cha Tanzania chenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na mwajiri wa Kenya hulipa yake ya shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, kwa hiyo anayeomba nafasi haombi sadaka, na barua iandikwe kwa lugha ya mtu anayejua hivyo. Mfumo wa uanagenzi pacha, ambao VETA imeufanyia kazi pamoja na chama cha mafundi cha Hamburg, unajaribu kulitatua hili kwa kumfanya mwanagenzi awe wa kiwanda na wa chuo kwa wakati mmoja. Palipo na nafasi ya namna hiyo, ichukuliwe kabla ya nyingine yoyote. Mwanafunzi aulize pia, kabla ya kuanza, akiumia nani anawajibika, chuo au kiwanda, na jibu liwe kwa maandishi.

Pasipo na nafasi hiyo, mwanafunzi achague wakati. Kiwanda kinachozalisha kwa kasi hakina muda naye. Kiwanda kilichosimama kwa matengenezo kinamhitaji. Viwanda vya sukari kama vya Kilombero na TPC huacha kukamua miwa wakati wa masika, na wiki hizo mitambo hufunguliwa, shafti hutolewa, beringi hupimwa na kubadilishwa. Viwanda vidogo hufanya hivyo Jumapili au usiku. Aombe fildi ianguke hapo, aombe awekwe kitengo cha matengenezo, na akikabidhiwa fagio siku ya kwanza afagie vizuri bila kununa. Siku ya pili amwombe fundi ruhusa ya kupima kila kipande kinachotolewa kabla hakijatupwa kwenye chuma chakavu, kwa sababu kipande kibovu hakuna anayeogopa kikiharibiwa na mwanafunzi. Kwenye daftari aandike ukubwa uliotakiwa, ukubwa alioupata, chombo alichotumia, na kipande kilikuwa kimelika upande gani. Afisa wa kiwanda kingine akilifungua daftari hilo siku ya usaili, atakuwa na la kumuuliza zaidi ya jina la chuo.